Stroberi na Ugali

Baba, aliyekuwa mtunza bustani kwa mzungu mmoja, alituletea mche wa stroberi, Mama akaupanda katika sufuria kuukuu mlangoni kwetu Kaloleni. Matunda yakavimba, yakatoshana na mayai ya bata, mekundu, yenye mikunjo, mbegu zote nje. Niliyalinda dhidi ya kuku wa majirani kama mwehu. Mama akayakagua.

"Tunda linaloanika mbegu zake nje halina adabu," akasema. Akayakaanga kwa kitunguu, kwani kwetu kila kilichoota mlangoni kilikuwa mboga, akayapakua na ugali.

Yakawa uji mwekundu, mtamu wa kuudhi. Nilitamani kuitupa sahani. Baba alimega tonge, akachovya, akameza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Maskini mzungu wangu! Yeye huyala haya bila hata ugali wa kuyateremshia."