Milango Tuliyoshikiana

Sisi tunaouza maji kwa punda hapa Isiolo, nyumba unayoipelekea maji kila siku tunaiita mlango. Mtu akisema ana milango Bulapesa, kila mmoja kisimani anaelewa kwamba hizo nyumba ni zake na hakuna mwingine atakayesimamisha mkokoteni pale. Jambo hili halikuandikwa mahali. Nililikuta nilipoanza kazi baada ya kumaliza darasa la nane, na nikalishika kama nilivyoshika kamba ya punda.

Kushindana tulishindana. Asubuhi tuligombania foleni ya maji, tukatukanana, tukacheka. "Toa huyo punda wako, amezeeka kuliko mwenyekiti!" mmoja alikuwa akisema, na mwenyekiti wetu, Mmeru wa makamo aliyeshuka zamani kutoka milimani, alikuwa akijibu kwamba punda mzee ana akili kuliko kijana mwenye kelele. Lakini punda wa mtu akiugua, au mtu akifiwa, wenzake waligawana milango yake na kuishika mpaka arudi. Pesa ya siku hizo ilikuwa yao. Mwenyewe akirudi, yule aliyeshika alitembea naye asubuhi ya kwanza mpaka kwa mteja, akasema, "Mwenye mlango amerudi." Basi. Kazi ilikuwa imerudi mkononi mwake.

Mlango wangu mkubwa ulikuwa hoteli moja karibu na soko. Nyumba nyingine zilinunua mitungi miwili mitatu, na zikipata maji ya mfereji zilininyima kazi wiki nzima. Hoteli haikuwa hivyo. Ilitaka mapipa yajae kila asubuhi, mfereji uwe na maji au usiwe nayo. Hoteli ndiyo iliyomlisha punda wangu na kunilipia chumba. Bila hiyo ningerudi kuwa kibarua wa mkokoteni wa mtu mwingine, na hapo ndipo nilipotoka. Niliogopa kurudi hapo kuliko nilivyoogopa njaa.

Mimi si mtu wa maneno. Nilifika hotelini kabla ya wateja, nikajaza mapipa, nikaondoka. Mwenye hoteli, mama mnene wa Kiborana, alikuwa jikoni na moshi wake, nami nilikuwa uani na maji yangu. Nilidhani tunaelewana. Mapipa yalikuwa yakijaa kila siku, sasa maneno ya nini?

Rafiki yangu alikuwa kinyume changu. Tulilaza punda wetu zizi moja, tukagawana majani, na mkokoteni wa mmoja ukitoboka gurudumu mwingine alisimama mpaka lizibwe. Yeye alisalimia kila mtu kwa lugha yake. Kwa Waislamu wenzake ilikuwa salaam aleikum, kwa Wameru muga, na akinikuta mimi ananiita kwa Kiturkana, "Ejok!" halafu anacheka kwa sababu hajui neno la pili. Nilipenda kutembea naye. Akiwa kando yangu sikulazimika kuongea.

Kisha punda wangu akapata kidonda cha shingo, pale nira inapokaa. Wengi hufunga gunia juu ya kidonda na kuendelea kuchapa. Mimi niliona nyama yake ikianza kuonekana, nikashindwa. Nilimwambia rafiki yangu kwamba nampeleka Gotu kwa mama yangu, alale bila nira mpaka ngozi ifunge.

"Nenda, kaka," alisema. "Hoteli nitashika mimi. Hizo nyumba zingine tutagawana na hawa wenzetu."

"Mama wa hoteli anataka maji mapema."

"Hata wewe hukuwa unamwambia chochote, kwani mimi nitashindwa kunyamaza?"

Tulicheka wote wawili.

Kidonda kilichukua muda. Niliosha kwa maji ya chumvi, nikafukuza nzi, nikamchunga punda kama mtoto. Mama yangu alinicheka, akasema siku nikioa mke wangu atamwonea wivu. Niliporudi mjini punda alikuwa mnene, na pale penye kidonda manyoya yalikuwa yameota meupe. Nilifurahi kama mtu aliyefanya jambo la akili.

Nyumba ndogo nilirudishiwa siku hiyohiyo. Kila aliyeshika alitembea nami, akasema yale maneno, tukaagana. Nilimsubiri rafiki yangu kisimani. Alijaza mitungi yake, akafunga kamba, akasema, "Leo nina haraka. Tutaenda kesho." Kesho yake alisema hivyo tena. Siku ya tatu nilienda hotelini peke yangu na mapipa nikayakuta yamejaa.

Mama wa hoteli alitoka akijifuta mikono kwa leso.

"Kijana, wewe ulipotea wapi?"

"Punda alikuwa mgonjwa."

"Pole. Lakini sasa nimezoea huyu mwingine. Akifika anapiga hodi, ananisalimia, anauliza watoto wameamka aje. Maji ikimwagika anafagia. Ananiletea mtungi mmoja wa bure wa kuoshea vyombo. Wewe nilikuwa najua umekuja nikiona pipa imejaa." Alicheka, na hakukuwa na ubaya katika kicheko chake. "Hata sauti yako naisikia leo."

Nilitaka kumwambia kwamba huyo mwingine alikuwa ananishikia tu. Nilifungua mdomo, lakini mteja akaita chai, mama akaingia ndani, nami nikabaki uani na mitungi yangu imejaa.

Jioni nilimkuta rafiki yangu zizini akimpa punda wake majani.

"Ni mlango wangu," nilisema.

"Sijakataa. Nenda umwambie mama. Akisema anakutaka wewe, mimi kesho sikanyagi pale. Wallahi."

Alijua siwezi. Hilo ndilo lililoniuma. Alikuwa ananijua vizuri, na akatumia kunijua huko.

Mwenyekiti aliita kikao pale kwenye kivuli cha tangi la kisima. Rafiki yangu aliongea vizuri sana. Alisema hakumtukana mtu wala hakushusha bei, alifanya kazi kwa bidii tu, na je, bidii ni dhambi? Mimi niliulizwa nikasema, "Hoteli ilikuwa ya kushika." Nikakaa. Nilitegemea wenzangu wataongeza, kwa sababu kila mmoja wao aliwahi kushikiwa. Waliangalia chini. Nadhani kila mmoja alikuwa anaifikiria hoteli.

Mwenyekiti alijikuna ndevu. "Mteja ana mdomo," alisema. "Amechagua. Hatuwezi kumlazimisha mama anunue maji kwa huyu." Kikao kikaisha, watu wakakimbilia foleni.

Nilimtoa punda wangu katika lile zizi. Bila hoteli sikuweza kumlisha na kulipa chumba pia, kwa hiyo nilimuuza kwa mtu wa Kinna mwenye shamba, nikaanza kusukuma mkokoteni wa mwingine kwa malipo ya siku. Rafiki yangu aliongeza punda wa pili, kisha tuktuk yenye tangi. Walikuja wageni wa ofisi fulani kutufundisha biashara, wakatuambia tushirikiane na pia tushindane, tujifunze kutoka kwa aliyefaulu miongoni mwetu. Rafiki yangu alisimama akapigiwa makofi. Hata mimi nilipiga, kwa kuwa mikono ya wote ilikuwa inapiga.

Tangu kikao kile sijaona mtu akishikiwa mlango. Hakuna aliyetangaza kwamba desturi ile imekwisha. Mtu akiwa na homa anakuja nayo kisimani. Mmoja alizika mtoto asubuhi na mchana alikuwa kwenye foleni, macho mekundu.

Mwezi uliopita mwenyekiti alianguka na mkokoteni, akavunjika mkono. Alikuja kisimani mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni, anavuta kamba kwa ule mmoja, anainua mitungi kwa kuisukuma na goti. Watu walimpita. Nilimwendea.

"Mzee, nenda upumzike. Nitakushikia milango mpaka upone. Mimi sina hata punda, nitatumia wako."

Alishusha mtungi chini.

"Kama ulivyoshikiwa wewe?"

"Mimi si yeye."

"Najua. Na yeye pia hakuwa yeye, kabla ya ile hoteli."

Niliinama, nikamwinulia mitungi mpaka mkokoteni ukajaa. Hakunishukuru. Muda wote alisimama karibu sana nami, na nilipomuuliza anapeleka upande gani ili nimsaidie kusukuma kwenye mchanga, alivuta kamba ya punda na kusema atajua mwenyewe, kisha akangoja mpaka nimempa mgongo ndipo akaondoka, nisione anaelekea milango ipi.