Jicho Yenye Nilificha

Mimi njo niliua jicho ya mutoto wangu. Si bulozi, si ugonjwa. Mimi mama yake, na haya yangu!

Gracia alizaliwa na makengeza. Jicho ya kushoto ilikuwa inakimbilia puani. Bageni bakifika kwetu Makomeno, mimi njo nilikuwa wa kwanza kumucheka, juu bao basinitangulie kucheka: "Muangalie huyu! Jicho moja inaenda Kasenga, ingine inaenda Likasi!" Bantu banacheka. Na yeye anacheka, maskini.

Alipofika miaka ine, munganga wa macho alinieleza muzuri. Jicho ya kupinda, bongo inaizarau, inatumia tu ile ingine. Ukiacha vile, itakufa ikiwa wazi. "Mama, funika ile nzuri kila siku, ile mubaya ilazimike kufanya kazi." Akanipa vifuniko vya kubandika.

Nilibandika. Wee, alilia! Anagonga viti, anamwanga sahani ya bukari. Na mimi moyoni nasema, huyu munganga iko na akili kweli? Tunaficha jicho ya kupendeza, tunaonyesha bantu ile ya kupinda?

Halafu wifi yangu akaolewa. Gracia akachaguliwa kubeba maua mbele ya bibi-arusi. Na mapicha je! Asubuhi ile nilihamisha kifuniko, nikabandika kwenye ile mubaya. Mutoto hakulia tena. Alitembea kanisani muzuri, bantu bakamusifu. Nikaendelea vile mwaka muzima.

Tuliporudia kwa munganga, alipima, akapima tena. Jicho ya kushoto haikuona hata vidole vyake. "Mama, mulikuwa munafunika?"

Bwana yangu alikuwa amekaa pale. Ee Mungu wangu! Nikajibu: "Huyu mutoto iko kichwa ngumu. Anabandua kifuniko kila siku."

Nyumbani baba yake alimuchapa na mukaba wa suruali. Nilikuwa napika sombe. Nilisikia yote, nikaendelea kupika.

Leo iko na miaka kumi na mbili. Jicho ile haioni. Juma iliyopita alikuja kukaa karibu yangu. "Mama, unisamehe. Ningekuwa mutoto wa kusikia, ningeona."

Anaamini uongo yangu! Na mimi nilimujibu nini? "Mungu atakusamehe."

Munaosoma, munganga akisema funika jicho nzuri, mufunike ile nzuri. Bantu bacheke mpaka bachoke! Na kama umeshakosea, sema kabla mutoto hajakuomba pardon. Mimi mpaka sasa sijamuambia.