Kuku wa Klodina

Mwanangu Klodina alisimama mlangoni pa jiko, jua bado liko juu ya kilima cha Rebero, akaniuliza: "Mama, kuku wameingia wote?" Sikuwa nimelala. Sikuwa na homa, wala pombe sikuwa nimeonja. Na mwanangu huyo walikuwa wamemuua tangu Aprili. Usiponiamini, shauri yako. Mimi nitasema tu, mpaka yule ninayemtaka asikie.

Ngoja nianze mbali kidogo.

Tulikaa Kicukiro, hapa Kigali, kwenye nyumba ya matofali ya udongo, miaka ile vita ilipoanza kaskazini na watu wakaanza kututazama kwa jicho lingine. Mume wangu alikuwa mtoto wa wafugaji, lakini mjini ng'ombe utamlaza wapi? Tukafuga kuku. Wa kuchinja? Thubutu! Walilala jikoni mwetu, na walikuwa na majina ya ng'ombe. Jike mwekundu tulimwita Bihogo, kama anavyoitwa ng'ombe wa rangi ile. Jioni mume wangu anasimama na fimbo yake, anamsifu Bihogo kwa yale maneno marefu wanayosifiwa ng'ombe, pembe sijui na nini, na Klodina anacheka mpaka anakaa chini.

"Baba, pembe ziko wapi?"

"Subiri, zitaota!"

Kazi ya Klodina ilikuwa kuwaingiza kuku kila jioni na kufunga mlango.

Vensani, jirani yetu, fundi wa cherehani, alikuwa anakuja kucheka pia. Siku moja akasema, "Mzee, wewe tajiri wa ng'ombe, nigawie basi hata ndama." Mume wangu akamgawia kifaranga wa Bihogo. Sasa, kwetu mtu akikupa ng'ombe mmefungana mpaka kufa. Ukiapa, unaapa kwa jina la aliyekupa. Vensani akapiga makofi, akapiga goti, akaapa kwa jina la mume wangu. Tulicheka sana. Lakini mume wangu hakuona mzaha. Aliniambia baadaye, "Amepokea. Kifaranga au fahali, amepokea."

Ndiyo maana Aprili, walipoanza kuua watu wa kabila letu, alimtuma mtoto kwa Vensani. Nilimwona kwa macho yangu haya, Klodina anaingia kwenye ua ule, Bihogo kifuani, na Vensani anafunga lango nyuma yake.

Mume wangu walimuulia barabarani. Mimi nililala kwenye mtama wa watu, nikatafuna mabua, mpaka bunduki ziliponyamaza.

Julai nikarudi. Vensani alikuwa amekimbilia Zaire pamoja na shemeji yake Gaspari, yule aliyekuwa anasimama na rungu kwenye kizuizi cha barabarani. Ua wao mtupu. Bihogo peke yake anaparua jivu. Nikamwita, akaja. Nikambeba mpaka kwangu, ambako mabati walikuwa wameiba, likabaki jiko tu. Nikamtilia maji kwenye kigae. Nikageuka nifunge mlango.

Ndipo nikamkuta Klodina amesimama pale.

"Mama, kuku wameingia wote?"

Ungejibu nini wewe? Nilimjibu, "Amebaki Bihogo tu, mwanangu."

Akachuchumaa kama alivyozoea. Bihogo akamkimbilia, akaruka apande mapajani. Akaanguka chini, puu, kama aliyerukia hewa. Klodina akamtazama kwa huruma.

"Basi usifunge, Mama," akasema. "Sisi wengine bado tuko nje."

Nikanyoosha mkono. Hakuna mtu. Lakini pale alipochuchumaa pamebaki udongo mweusi, mbichi, unanuka maji. Nimesema Julai! Kiangazi, Kicukiro yote ni vumbi jekundu. Udongo ule unaupata bondeni tu, kwenye matete.

Nilichimba bonde lile. Wajane wenzangu walinisaidia. Tulitoa watu, tukawazika kwa heshima, na mama zao walilia wakapata kulala. Klodina hatukumpata.

Vensani alirudi, akafungwa, akatoka. Siku ya kesi yake kwenye baraza la mtaa, majirani wote wamekaa kwenye nyasi, nilisimama nikamuuliza.

"Mama Klodina, mtoto wako sikumwona hata siku moja."

"Na kuku wake alifikaje uani kwako?"

"Ah! Kuku hana miguu?"

Kuna waliocheka. Niliwaona, na wanajua niliwaona.

Wananiambia ni kichwa, nimeumia kichwa. Sawa. Kichwa ndicho kilichomwaga udongo jikoni? Mpaka leo mlango wa jiko langu haufungwi. Wezi wamekula kuku wangu sijui mara ngapi. Nanunua wengine, nawapa majina, nauacha wazi.

Na wewe unayenunua kiwanja huku Kigali, kabla hujamwaga zege uliza nani alikuwa anakaa hapo, na sasa yuko wapi. Ukikuta udongo mbichi sakafuni wakati wa kiangazi, usifagie. Ita majirani, leta jembe.

Nimemaliza na ninyi. Sasa nasema na Vensani. Upo, unashona sare za shule, unawapima watoto wa watu mabega. Msamaha sitaki uniombe, na gerezani sikurudishi. Shika jembe, utangulie, mimi nitafuata nyuma. Mtoto aliingia kwako na miguu yake, anapumua, wewe ukafunga lango. Ulimweka wapi?