Fundi Mashoto Hafui Kijembe Kabla ya Kupima Mkono

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvukuto unaanza kuhema na makaa yanakubali kuwaka. Mwanamke aliyevaa aproni ya ngozi iliyotobolewa na cheche anachomoa kipande cha springi ya gari motoni, anakilaza juu ya fuawe na kukishushia nyundo kwa mkono wa kushoto. Mapigo kumi na moja, basi. Chuma kimepinda kama kidole kinachomwita mtu.

Ukutani zimetundikwa karatasi za mifuko ya saruji, zaidi ya mia mbili, na kila moja imechorwa kiganja cha mtu kwa mkaa. Ukija hapa kutaka kijembe cha bustani, huulizwi kwanza una nini mfukoni. Unaambiwa ulete mkono.

Mtaa mzima unamwita Mashoto, na mwenyewe anaitika. Ana miaka arobaini na mmoja, watoto watatu, na ulimi unaokata kuliko vyuma vyake.

"Mtu hupima mguu kabla ya kununua kiatu," anasema huku akipuliza jivu. "Mkono umekosa nini?"

Jibu la swali hilo alilipata kwa machozi.

Karakana ni ya baba yake, mhunzi anayeitwa Mzee Nukta, kwa kuwa kila jembe lililotoka mikononi mwake lilipigwa chapa ya nukta tatu. Zamani nukta hizo zilijiuza zenyewe. Kisha majembe ya kiwandani yakajaa madukani, macho ya mzee yakaingia ukungu, na wiki nzima ikawa inapita mvukuto haujaguswa. Kaka zake Mashoto wakaafikiana chumba kipangishwe kwa muuza viti vya plastiki.

Mashoto akaomba mwaka mmoja. Alikuwa amewaona majirani wanaolima nyuma ya nyumba, wengine kwenye ndoo na makopo, wakipalilia kwa vijiko na visu vya jikoni. Watu hawa jembe la shamba la nini? Walihitaji kijembe cha mkononi, uma mdogo wa kutifulia udongo, na kisu kilichopinda cha kung'olea magugu.

Baba alikubali kwa shingo upande, lakini chapa yake alikataa katakata. Alisema nukta tatu si za vitu vya kuchezea watoto, akafunga mazungumzo kwa methali yake ya siku zote: mchagua jembe si mkulima.

Mwezi wa tisa wa mwaka ule, duka la miche likaagiza visu vya kupalilia arobaini. Mashoto alivifua kwa siku kumi na mbili, na kila kimoja alikijaribu mwenyewe kwenye kitalu nyuma ya karakana. Vilikata magugu kama wembe. Wiki mbili hazijaisha, vikarudi ndani ya gunia, vyote isipokuwa kimoja. Mwenye duka alisema vinaruka juu ya udongo, havizami.

Mashoto akatoa kimoja, kikazama. Akatoa cha pili, kikazama. Akaanza kuamini ameonewa wivu. Ndipo mama yake, ambaye hajawahi kushika nyundo maishani, alipoinama na kujaribu kwa mkono wa kulia. Kisu kikaruka.

"Mwanangu," mama akasema, "umewafulia watu mkono wako."

Kweli tupu. Mkunjo wa bapa, upande wa makali, hata pale kidole gumba kinapokaa, vyote vilifuata kushoto.

"Nilikaa chini nikacheka, halafu nikalia," anakumbuka. "Visu thelathini na tisa, na wa kulaumiwa ni mimi peke yangu."

Baba hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Kaka mkubwa alikuja kesho yake na tepu kupimia viti vitapangwaje.

Na kile kisu cha arobaini? Siku tatu baadaye kiliingia mlangoni mkononi mwa mwalimu mstaafu. Kiharusi kilikuwa kimeuzima mkono wake wa kulia miaka miwili, na bustani yake ya nyanya ikawa pori. Mashoto akawahi kuomba radhi, akanyoosha mkono akipokee. Mwalimu akakirudisha kifuani.

"Sikirudishi. Nimekuja kumwona aliyenipa tena nyanya zangu."

Aliwaleta wenzake wanane anaofanya nao mazoezi ya viungo, waliobaki na mkono wa kushoto kama yeye. Hao wakaleta wengine, na kabla mwezi haujaisha gunia likawa tupu. Akaja bibi mwenye vidole vilivyovimba viungo, akataka mpini mnene. Akaja dereva asiye na kidole gumba. Mashoto akachana mfuko wa saruji, akaokota mkaa, akaanza kuchora.

Leo anafua zana ishirini na tano kwa wiki, kila moja kwa bei ya mikate minne. Hazimtajirishi, lakini watoto wake wote watatu wanasoma kwa zana hizo. Muuza viti alitafuta pengine. Kaka mkubwa ndiye anayechonga mipini siku hizi, na Mashoto hachoki kumuuliza tepu yake iko wapi.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki. Zana zote hizo zilitoka bila chapa, naye hakutaka kuiomba mara ya pili.

Asubuhi hii, chai ikiwa bado ya moto, Mzee Nukta anajikokota kutoka kigodani kwake na kulaza kiganja chake chenye makovu juu ya meza. Anasema achorwe, naye anataka kijembe.

"Baba, mchagua jembe si mkulima," binti anamkumbusha.

"Nani kakwambia mimi mkulima? Mimi mhunzi." Mzee anaingiza mkono kwenye koti, anatoa chapa ya chuma na kumpa. "Piga. Anza na changu, halafu vyote."

Mashoto anakichora kiganja, kisha anakifua kijembe cha baba yake. Chuma kingali chekundu, anasimamisha chapa na kupiga mara moja, kwa kushoto. Nukta tatu, wazi kabisa. Mzee anangoja kipoe, anazipapasa kwa kidole, moja, mbili, tatu, na anatabasamu.

Mashoto anafuta uso kwa aproni na kusingizia moshi. Mwakani, anasema, atanunua fuawe ya pili, na wa kwanza kuisimamia atakuwa binti yake mkubwa.

"Yeye anatumia kulia," anasema. "Itabidi nijifunze kumfulia nyundo."