Koko yangu aliosha urithi wa Mwindonezia mbele ya wageni

Wakuu, salamu kutoka Uvira. Minye, yaani mimi, ni mchoraji wa vibao: saluni, famasi, majina ya mitumbwi pale bandari ya Kalundu. Haya ninayoleta yalinitokea mwenyewe na sitaongeza chumvi, maana yana chumvi yake tayari.

Miaka ile ya kwanza ya uhuru, askari wa Umoja wa Mataifa, wale wa kofia za buluu, walifika huku. Kati yao kulikuwa na Mwindonezia mmoja aliyependa brashi kuliko bunduki. Watu walimwita Sarja Wito. Alichora kwenye vipande vya hema, akawagawia waliomlisha samaki, kisha akarudi kwao.

Uasi dhidi ya serikali ulipofika, waasi wakikukuta na kitu cha hao askari unaitwa msaliti. Watu wakachoma picha zote. Hakuna msanii wa mji huu aliyewahi kuona hata moja.

Hiyo haikuzuia kitu. Mwaka jana alikuja Madame Odile, msimamizi wa maonyesho kutoka Kinshasa, na projekti yake: wasanii wa leo wajibu urithi wa Sarja Wito.

Basi watu wakajibu. Mmoja alileta fremu tupu akaiita "Kutokuwepo". Mwingine, wa mji wa Sange, alimwaga gunia la mchele sakafuni, ati ni mazungumzo ya Asia na Afrika. Kuku wa mlinzi wakayala mazungumzo yote kabla ya saa nne. Madame akasema hilo nalo ni jibu.

Minye niliomba kuingia, wakanikataa. Prezida wa chama cha wasanii, tunamwita Maître, aliniambia mbele ya watu, "Weye ni muntu wa vibao. Huku iko sanaa."

Iliniuma sana, na kwa hasira nikafanya ujinga.

Maana nilijua picha moja iko wapi. Iko kwa Koko, nyanya yangu mzaa mama, anayeanika ndagala, wale dagaa wa ziwani, ufukweni. Ile bashi yake ya kuanikia, turubai jeusi linalonuka, chini ya uchafu ina sura ya mume wake. Sarja Wito alimchora ndoa yao ikiwa bado changa. Uasi ulipofika, mume alichukuliwa na hakurudi. Koko alishindwa kuichoma sura yake. Akapaka udongo na mawese juu, akaanika samaki pale. Waliokuja kupekua nyumba walipita wakiziba pua.

Hakuna foto nyingine ya huyo babu. Hata moja.

Siku moja nilimuuliza mbona hajaiosha miaka yote hii.

"Kwanza niliogopa bale ba uasi," akasema. "Kisha niliogopa basoda ba serikali. Kisha vita ingine, na ingine. Sasa naogopa maji. Nikiosha nikute sura imetoka, nitakuwa mjane mara ya pili."

Aliniambia hayo minye peke yangu. Na minye nikachukua bashi akiwa kwenye misa, nikampelekea Maître. Najua mtanitukana, lakini malizeni kusoma kwanza.

Kesho yake nilikuwa msanii. Nilipewa beji. Maître akaniita ndugu. Madame aliinama, akainusa bashi, akatokwa na machozi. Nikamwambia chini kuna picha, tuioshe polepole, Koko aone. Akashtuka. Akasema magamba ndiyo kazi yenyewe, ni miaka sitini ya wananchi wakimjibu Mwindonezia kwa samaki.

Wakaizungushia kamba. Wakaandika karatasi: isioshwe kamwe. Baada ya Uvira ingeenda Kinshasa, halafu Ulaya. Na minye nikasaini. Yaani mjukuu nimesaini kwamba sura ya babu yangu isionekane, kwa sababu ya beji.

Siku ya ufunguzi Koko akaingia. Alikuwa ametafuta bashi siku tatu, ndagala zikioza, mpaka kijana wa pikipiki akamwambia aliiona wapi na kumleta. Hakunitazama. Alipita chini ya kamba, akauliza ile karatasi inasema nini. Maître akamsomea kwa heshima zote, akaongeza, "Mama, hii sasa ni mali ya dunia."

"Dunia imeshaanika ndagala?" Koko akamuuliza.

Kisha akanigeukia. "Munaipeleka wapi?"

Nikamwambia Ulaya. Akaitazama bashi. Nilijua anapima kitu gani, hofu ya maji au hofu ya Ulaya.

"Leta maji ya moto na sabuni."

Nikakimbia. Maître alinishika beji, nikamwachia.

Koko alisugua kwa kiganja. Udongo ukaanza kushuka mwekundu sakafuni. Wageni wakatoa simu. Likatoka sikio, halafu jicho, halafu nusu ya mdomo. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha kabisa. Lakini upande wa kulia alikuwepo kijana mwenye kovu kwenye nyusi, anacheka kidogo.

Watu wakapiga makofi. Madame akaniuliza kwa kunong'ona kama Koko anaweza kurudia Jumamosi, maana kuna wageni wakubwa.

Koko hakusikia. Alishika lile shavu lililobaki. "Ni weye," akasema. "Hii kovu nilikuwa nimeisahau."

Minye nililia, wakuu, sifichi.

Somo nililopata: kabla hujaujibu urithi wa mtu, muulize aliyeutunza kwa nini aliuficha. Karatasi niliyosaini ilikufa siku ile bashi ilipooshwa; sasa iko ukutani kwa Koko, na ndagala zinaanikwa kwenye nailoni mpya. Juzi nilimwomba anipe ruhusa nichore ule upande uliopotea, nilidhani atafurahi.

"Weye haukumujua," akasema. "Acha vile."

Tangu hapo ananisalimia tu, haongezi neno. Tukaneni, nimestahili. Ila aliyewahi kumkosea mzee wake hivi na wakapatana, aandike hapo chini alianza na neno gani.