Igizo la dakika kumi na mbili pale Majengo, na hotuba yangu iliyoliharibu

Wakuu, heshima kwenu. Wazee wenzangu kama mpo humu, poleni na baridi.

Ninachoandika kilinitokea mimi mwenyewe. Najua humu mtu akisimulia jambo la nyumbani kwake huulizwa kama ni chai, yaani hadithi ya kubuni. Ningependa iwe chai. Siyo.

Ninaishi Mollo, pembeni ya mji wa Sumbawanga. Nimesoma mpaka kidato cha nne, nimelima mahindi na ulezi, na nimekaa kwenye kamati za kanisa kuliko nilivyokaa nyumbani. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo aya zitakuwa fupi.

Mwanangu wa pekee anaitwa Faustina. Ni mwalimu hapa mjini. Siku za mapumziko anakusanya vijana wanafanya maigizo mafupi, ya dakika kumi au kumi na tano. Anayatunga mwenyewe.

Mimi maigizo niliyoyazoea ni yale ya shule zetu za zamani. Mlevi anaanguka mara tatu, mganga anakuja na kibuyu, polisi anamkamata mganga, halafu mtu mmoja anasogea mbele na kuwaambia watazamaji wamejifunza nini. Saa mbili na nusu. Ukirudi nyumbani unajua umetoka kwenye igizo.

Kwa hiyo Faustina aliponialika ukumbini Majengo nikauliza, "Dakika kumi na mbili? Watu watakuwa hata hawajakaa vizuri."

Akasema, "Njoo tu, baba."

Nikavaa koti nikaenda.

Koti ndilo lililoniponza. Mgeni rasmi hakufika. Mshereheshaji akapitisha macho ukumbini akitafuta mtu mzima, akaniona, akaja ameinama. "Shikamoo mzee. Utusaidie kuwa mgeni rasmi. Kazi yenyewe ni neno dogo tu mwishoni."

Wakuu, mimi sijawahi kukataa kusema neno.

Igizo likaanza. Hakuna pazia, hakuna mandhari. Meza moja ndogo, viti vitatu, sahani za ugali na dagaa. Baba huku, mama kule, na binti wao katikati. Binti aliigizwa na dada mmoja muuza duka, mtu mzima kabisa ila mfupi.

Baba akasema, "Mwambie mama yako dagaa hawa wana mchanga."

Binti akageuka. "Mama, baba anasema dagaa wana mchanga."

"Mwambie baba yako mchanga ni wa ziwani, sikuuchota mimi."

Baba akamuuliza binti, "Amesemaje?"

Ukumbi ukacheka. Mwanaume aliyekaa karibu yangu akanigusa begani. "Mzee, hapo ni kwangu kabisa. Hata meza ni ile ile."

Wakaendelea hivyo hivyo. Kila mara mama akisema, baba anatafuna, kisha anauliza, "Amesemaje?" Watu wanapasuka. Mimi nilicheka mara mbili za mwanzo. Ya tatu nikaacha, kwa sababu niliona wanakoelekea.

Maana mimi na mke wangu Oliva tuliishi hivyo miezi saba. Alimwazima kaka yake plau yetu bila kuniambia, ikarudi imevunjika mkono. Nikanyamaza. Naye akanyamaza. Ndani ya nyumba yenye watu watatu, aliyebaki kuzungumza na wote ni Faustina, wa miaka kumi na mmoja. Mwambie mama yako. Mwambie baba yako.

Kwenye igizo, mama akashika kifua. Akasema polepole, "Mwambie baba yako kifua kinanibana."

Binti akageuka kwa baba. Baba anatafuna. Binti akatazama mlangoni, nje watoto wanaitana kucheza.

Baba akauliza, "Amesemaje?"

Binti akajibu, "Hajasema kitu."

Baba akasema, "Mwambie mama yako aniongezee mboga."

Hapo watu wakacheka tena kidogo. Taa zikazimwa. Zilipowaka, kiti cha mama kilikuwa kitupu. Baba yuko pale pale, sahani ile ile. Akasema, "Mwambie mama yako anisogezee maji."

Binti akageukia kile kiti. Hakurudi kumtazama baba. Basi. Likaisha.

Ukumbi ulikaa kimya muda mrefu. Sasa naelewa kwamba ule ukimya ulikuwa sehemu ya igizo. Wakati ule nilidhani ni nafasi yangu ya kuongea.

Nikasimama. Kipaza sauti kikapiga yowe, nikakisubiri. Nikawaambia waigizaji wamejitahidi, ila wametuacha bila fundisho, kwa hiyo mimi nitalitoa. Nikasema fundisho ni hili: mtoto akitumwa afikishe ujumbe. Nikasema yule mama alikufa kwa uzembe wa yule mtoto. Nikaongeza na mambo ya malezi na simu za mkononi. Hotuba ilizidi igizo lenyewe karibu mara mbili.

Wakapiga makofi. Mgeni rasmi hupigiwa makofi hata akisoma bei za mbolea.

Faustina alikuwa pembeni ya jukwaa ameshika zile sahani. Hakupiga makofi, mikono ilikuwa imejaa. Nilipomaliza hakuwepo tena.

Niseme ukweli. Sikukosea kuelewa. Nilijiona pale mbele, nikatafuta mwingine wa kubeba lawama, na mezani walikuwa wamebaki wawili tu.

Baada ya siku ile Faustina hakupokea simu yangu. Kabla ya hapo alikuwa hapitishi Jumapili bila kuja Mollo. Ikapita Jumapili ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaelewa kwamba naweza kufa nikiwa nimebaki na kamati tu.

Nikaenda kwa dada yangu Kristina, mkubwa wangu kwa miaka minne. Nikamwambia, "Ukipita Majengo, mwambie Faustina..."

Hakuniacha nimalize. "Mimi siyo posta. Umeota mvi zote hizo bado unatuma tu? Miguu unayo, mdomo unao, na huo mdomo juzi ulikuwa na nguvu sana ukumbini."

Nikaenda mwenyewe.

Alifungua mlango. "Shikamoo baba." Nikaitika. Akanipa kiti. Chai hakuleta, na kwetu mgeni kukaa bila chai kwenye baridi ile ni maneno tosha.

Nikasema, "Nimekuja kuhusu lile igizo."

"Ulishalifafanua, baba. Watu walielewa."

Akaendelea, macho yakiwa dirishani.

"Mama alinituma kweli. Ile siyo ya kutunga. Ilikuwa jioni, wenzangu wananiita tucheze kombolela, na mimi nilikuwa nimechoka kuwageukia. Ukaniuliza amesemaje, nikasema hajasema kitu. Kesho yake mchana mkampeleka hospitali, hakurudi. Miaka ishirini na minane nimekaa na hilo. Nikasema ngoja niliweke jukwaani, baba alione, labda ataniambia neno. Ukaniambia. Kwenye kipaza sauti."

Wakuu, nilikuwa nimekwenda kuomba radhi kwa hotuba ndefu. Sikujua mwanangu amebeba nini. Mimi nilidhani igizo linanishtaki mimi, kumbe yeye alikuwa anajishtaki mwenyewe.

Nikamwambia, "Faustina, mimi nilisikia."

"Ulisikia nini?"

"Mama yako. Ile meza ilikuwa ndogo, nilikuwa namsikia hata akimeza. Nilisikia siku ile na siku zote. Kuuliza amesemaje ilikuwa jeuri tu."

Akageuka. "Kwa hiyo niliposema hajasema kitu, ulijua nadanganya?"

"Nilijua."

"Ukafanyaje?"

"Niliomba mboga. Kama ulivyoandika."

Alilia. Sikujua niweke wapi mikono yangu, nikaiweka magotini. Nikamwambia kwamba yeye hakuwa na ujumbe wowote wa kufikisha, ulikuwa umeshafika, aliyeupokea alikataa kuusaini. Daktari hakusema kama kuwahi kungesaidia. Sikumuuliza, na sasa hakuna wa kumuuliza.

Alipotulia akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Ulipomsikia, ulifanya nini hasa? Mwili ulifanya nini?"

Nikafikiri. "Niliacha kutafuna."

"Muda gani?"

"Kidogo. Kisha nikaendelea."

Mwisho akasema, "Nenda nyumbani, baba. Nitakupigia."

Nilirudi Mollo nikakaa na simu mfukoni, hata shambani. Ikapita zaidi ya wiki. Akapiga. "Jumamosi tunaonyesha Msanzi. Njoo. Ila usiongee."

Msanzi walituweka kwenye darasa, watu wamebanana madawatini, wengine wamesimama madirishani. Safari hii koti nililiacha nyumbani nikavaa sweta. Nikakaa nyuma karibu na mama mmoja aliyetoka shambani, bado ana udongo kwenye viatu.

Igizo lilikuwa lile lile. Mchanga wa ziwani, watu wakacheka. Amesemaje, wakacheka.

Mama akasema kifua kinanibana.

Yule baba akaacha kutafuna.

Taya likasimama, tonge limo mdomoni, macho kwenye sahani. Sijui ni sekunde tatu au nne. Halafu akaanza tena kutafuna, akamuuliza binti, "Amesemaje?"

Neno lile lile lililochekesha dakika zote zile. Darasa zima hakuna aliyecheka.

Yule mama wa karibu yangu akasema, bila kumwambia mtu, "Kumbe anasikia."

Mwingine mbele akajibu, "Anasikia tangu mwanzo huyo."

Binti alipogeukia kiti kitupu, wale watu hawakumtazama yeye. Walimtazama baba.

Hapo ndipo nilipojifunza kuhusu haya maigizo mafupi. Hayana muda wa kukueleza, kwa hiyo yanakuachia kazi ufanye mwenyewe. Hawakusema yule baba ni mbaya. Walimsimamisha taya tu, watu wa Msanzi wakamaliza. Saa mbili na nusu za mlevi na mganga hazijawahi kunifanyia hivyo. Ukiona igizo limekugusa mahali, kaa hapo hapo na maumivu yako. Usisimame kuwafafanulia wengine kama nilivyofanya mimi.

Mwalimu mmoja wa pale akauliza kama kuna mzee mwenye neno. Akanielekezea mkono.

Nikasema, "Sina."

Faustina alikuja akanipa sahani nipeleke kwenye gari. Nikapeleka. Tukiwa njiani akaniuliza kama yule kijana aliyeigiza baba alianza tena kutafuna mapema mno. Nikamwambia ndiyo, mimi nilichelewa kidogo zaidi yake. Akasema atamwambia.

Jumapili alikuja Mollo. Hatujamaliza kuongea, ila tunaongea, na hakuna anayekaa katikati.

Ndiyo hayo, wakuu. Mnaojua maigizo njooni mnisahihishe, mimi bado mwanafunzi. Na mlio na watoto mliowahi kuwatuma "mwambie mama yako" mkiwa meza moja, nataka kusikia kutoka kwenu: mmeshawaambia kwamba mlikuwa mnasikia?