Niliandika Ameanguka Baiskeli

Ndugu admin, ficha jina langu. Wapendwa, natangaza rasmi kwa wote, pamoja na nyinyi mnaosoma kimyakimya bila kuchangia neno: mimi, baba wa miaka hamsini na nne, mkazi wa Bujumbura, nimenunua miwani. Mke wangu anasema nafanana na bundi aliyestaafu. Nimeinunua nisome karatasi moja tu, na mwandiko ulio juu yake ni wangu.

Wakati wa vita nilikuwa karani wa wodi katika hospitali moja hapa mjini. Daktari mikono imejaa damu, anasema, mimi naandika kwenye fishi, karatasi ya maelezo ya mgonjwa. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko sura yangu, wala sikuwa na sifa nyingine.

Asubuhi moja wenye bunduki waliingia, wakaninyang'anya fishi, wakasoma. Palipoandikwa "risasi" walimburuta mgonjwa kutoka kitandani. Kwao, aliyepigwa risasi ni muasi. Mgonjwa mmoja, mwalimu, aling'ang'ania chuma cha kitanda. Wakamvunja vidole kwa kitako cha bunduki mpaka akaachia, wakammalizia ukutani, mpira wa dripu ungali mkononi. Mwandiko wangu ndio uliowaonyesha.

Tangu hapo mimi na daktari tulikubaliana: kwenye fishi uongo, na zamu zikibadilika, mimi namwambia daktari anayeingia ukweli kwa mdomo.

Siku chache baadaye akaletwa muuza samaki wa mtaa wa Jabe, kapigwa risasi akirudi na baiskeli yake kutoka ziwani Kajaga. Tundu dogo, chini ya kwapa. Daktari akaliziba kwa bandeji, akaninong'oneza, "Risasi iko ndani. Mwenzangu akifika, ampasue mara moja." Akakimbilia majeruhi wengine. Nikaandika: ameanguka baiskeli.

Mgonjwa akachungulia. "We! Apana andika ivyo. Mi kuanguka baiskeli? Jabe yote watanicheka!"

"Nyamaza, kaka, nakuokoa."

"Basi andika hata nimegongwa na kamyo."

Nikacheka. Naye akacheka, akatema damu.

Alikufa jioni ile. Mjini risasi zilikuwa zinalia, akazikwa haraka pamoja na wengine. Ndugu zake hawakuuona mwili, walipewa fishi tu.

Mwezi uliopita binti yake alinitafuta mpaka akanipata. "Papa, huu mwandiko si wako?" Akanieleza kwamba asubuhi ile baba yake mdogo ndiye aliyezifunga breki za baiskeli. Tangu msiba, hakuna wa ukoo anayekula naye. Mzee mwenyewe anaamini alimuua kaka yake, hajashika spana tena. "Papa, niambie tu, baba alianguka wapi?"

Nikamwambia sioni vizuri, ninunue kwanza miwani. Sasa ninayo, na uongo umeniishia.

Mke wangu anakijua kisa hiki hivi: zamu ilipobadilika, wenye bunduki walikuwa wamesimama mlangoni, ningesema wangetuua sote. Nimekisimulia hivyo miaka yote, hata kanisani, watu wakanipa pole. Nikimweleza binti hivyo, baba yake mdogo atarudi mezani nami nitabaki mtu mwema. Nishaurini, nimpe hiki, au nimpe kile ambacho hata mke wangu hajakisikia? Lakini msinijibu kabla hamjakisikia nyinyi.

Mlangoni hapakuwa na mtu. Daktari aliyeingia alikuwa mgeni kwangu, sikujua ni wa upande gani. Akasoma fishi, akauliza, "Kaanguka tu? Una hakika?" Nikautazama ule ukuta, damu ya mwalimu ilikuwa haijatoka yote. Nikajibu, "Ndiyo, daktari." Nikachukua koti langu nikaenda zangu nyumbani Nyakabiga, nikala, nikalala.

Na muuza samaki alinisikia. Alinitazama tu, kimya, kama nilivyomwambia.